Mzee hana homa, lakini damu yake imeisha kuanza kusema

Leo tunaongea juu ya wazee na juu ya damu. Swali lenyewe ni hili: kuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia munganga mapema kwamba mzee huyu, mwenye kukohoa kidogo leo, kisha siku tatu atakuwa anapigania pumzi?

Jibu fupi ni ndiyo, vipimo vipo, tena vingi. Jibu refu ni kwamba vinasaidia tu kama kuna mutu wa kuvisoma kwa wakati, na kama kuna kitu cha kufanya kisha kuvisoma. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kuanzia nyumbani bila sindano yoyote. Nitaeleza pole pole, maana mambo haya mimi mwenyewe sikuyajua siku nilipoyahitaji.

Mwaka 2021, mwezi wa 7, wakati wimbi la korona lilikuwa linapita Kongo, babu yangu alianza kukataa chakula. Mzee aliyekuwa amevuka mwaka 1998, akavuka ziwa, akakaa kambi ya Lugufu miaka mingi, akarudi na kujenga tena. Hakuwa na homa. Tulimshika paji la uso, tukasema yuko baridi, hana kitu. Alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kiangazi na vumbi ya barabara. Siku ya tatu akaanza kumwita dada yangu kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyezikwa kule Tanzania zamani. Tukacheka. Tukasema ni uzee.

Kwenye kituo cha afya walimpima malaria, TDR ikaonyesha hakuna, akapewa kinini za maumivu na tukarudi naye. Siku ya tano usiku alikuwa anapumua kama mutu aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Tulitafuta motari saa nane za usiku. Hakufika hospitali.

Munganga wa siku ile simlaumu. Alikuwa na termometa na TDR, basi. Ilikuwa korona ao kitu kingine, hatutajua, sababu hakuna aliyempima. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza: kuna nini kilichokuwa kinaonekana siku ya tatu, kama mutu angejua fasi ya kuangalia?

Kwa nini mwili wa mzee unaficha

Kijana akishikwa na virusi, mwili wake unapiga kelele. Homa inapanda, viungo vinauma, anatetemeka. Mzee si hivyo. Kinga yake imechoka, na joto lake la kila siku liko chini kidogo kuliko letu. Njo maana wataalamu wa Marekani, katika maelekezo yao juu ya wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, hawasubiri termometa ifike 38. Kwao, kipimo kimoja cha mdomoni kinachopita 37,8 ni homa tayari. Vipimo kadhaa vinavyopita 37,2 navyo ni homa. Na kama joto la mzee limepanda kwa digrii 1,1 juu ya joto lake la kawaida, hiyo pia wanahesabu. Sasa fikiri: ni nani kati yetu anajua joto la kawaida la mama yake mzee?

Huku kwetu hatuna nyumba hizo. Mzee anakaa na wajukuu, anapikiwa na mkamwana, analala chumba cha nyuma. Lakini huko Ulaya na Marekani wazee wengi wanaishi pamoja, watu mia moja chini ya paa moja, na huko njo korona ilionyesha sura yake mbaya zaidi. Mwezi wa 2 na wa 3 mwaka 2020, katika nyumba moja ya wazee kule Kirkland, karibu na Seattle, walioambukizwa kati ya wakaaji walikuwa 101. Karibu 34 kati ya kila 100 walikufa.

Katika nyumba nyingine ya jimbo lile lile, waliwapima wazee 76 bila kungoja dalili. Wenye virusi walikuwa 48. Na siku ya kipimo, 27 kati ya hao 48 hawakuwa na dalili hata moja! Siku chache mbele, 24 kati yao dalili zikatokea.

Na juu ya kuchanganyikiwa, ile hali ya kuita watu majina ya wafu: watafiti Marekani waliangalia wazee 817 waliofika hospitali na korona mwaka 2020. Wenye akili zilizovurugika ghafla walikuwa 28 kati ya 100. Na kati ya hao waliovurugika, 37 kwa 100 hawakuwa na homa wala shida ya pumzi. Niliposoma hesabu hiyo nilifunga simu nikatoka nje.

Kwa hiyo munganga anayetunza wazee iko na tatizo la kweli. Mbele yake kuna watu 48 wenye virusi, wote wamelala kimya. Nani ataamka kesho akiomba uji, na nani atakuwa hawezi kupumua? Hapo ndipo wanasayansi walianza kutafuta alama ndani ya damu.

Alama zenyewe ni zipi

Virusi vikiingia, kabla mgonjwa hajaanza kuhema, ndani ya damu kazi imeisha kuanza. Ini linapokea habari kwamba kuna vita mahali, linatengeneza protini moja inayoitwa CRP. Katika mutu mzima mwenye afya ni kidogo sana. Ikianza kupanda inapanda kwa masaa, na kisha siku mbili hivi inafika juu. Waganga wanaijua tangu mwaka 1930. Haisemi ni ugonjwa gani. Inasema tu moto umewaka, na moto ni mkubwa kiasi gani.

Chembe nyeupe za damu nazo zinahesabiwa. Ukisoma fishi ya labo utaona GB, hizo ni chembe nyeupe zote, kisha FL, ambayo inazigawa kwa makundi. Kundi moja ni limfositi, askari wanaojua kupigana na virusi. Katika korona kali limfositi zinashuka. Kuna pia D-dimeri, mabaki yanayobaki damu ikiganda na kuyeyuka. Ikipanda sana, maana yake damu inaganda ndani ya mishipa, labda ndani ya mapafu. Kuna feritini, ghala ya chuma mwilini, nayo inapanda wakati mwili umechemka. Na kuna urea na kreatinini, uchafu ambao figo zinapaswa kutoa. Zikibaki nyingi ndani ya damu, figo zinalemewa.

Sasa, alama hizi si za kupamba karatasi tu. Uingereza kulikuwa na jaribio kubwa la dawa za korona linaloitwa RECOVERY. Mgonjwa ambaye oksijeni yake imeshuka na CRP yake imefika 75 ao zaidi alikuwa anaweza kuingizwa kwenye jaribio la dawa ya tocilizumab, inayotuliza kinga iliyopagawa. Waliopata dawa hiyo, walikufa 31 kati ya 100, wasioipata, 35. Si muujiza, lakini ni watu wanne kwa kila mia, na ni namba ya damu iliyosaidia kuwachagua. Dawa hiyo ni ya bei kali, usiitafute kwenye farmasi zetu.

Beni na Gulu: damu yetu pia imesomwa

Mutu atasema hayo ni ya wazungu. Hapana. Mfano mkubwa wa namba ya damu inayotabiri ugonjwa mkali wa virusi uko huku huku mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ile iliyoua watu 2.287 na kufika hata Mwenga, ndani ya jimbo letu la Kivu ya Kusini, mwezi wa 8 mwaka 2019.

Kulikuwa na jaribio la dawa nne kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Liliitwa PALM, na jina hilo ni Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha. Profesa Muyembe na INRB walikuwa mbele. Wagonjwa 681 waliingia. Kila mmoja alipimwa damu siku ya kwanza kuona virusi ni vingi kiasi gani.

Mashine inavyofanya kazi, chukua mfano wa wavuvi wetu wa ndagala. Kama ndagala ni wengi chini ya taa, unatupa wavu mara moja, umepata. Kama ni wachache, unatupa mara ishirini, mara thelathini, ndipo unaona wawili watatu. Mashine ya PCR nayo inarudia kazi mara kwa mara mpaka ione virusi. Namba ya mizunguko ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Kule Beni mpaka uliwekwa kwenye mizunguko 22. Kati ya waliopewa dawa ya mAb114, ambayo ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, wale waliokuwa juu ya 22, yaani wenye virusi vichache, walikufa karibu 10 kati ya 100. Wale wa 22 kushuka chini, karibu 70 kati ya 100. Dawa ile ile, kitanda kile kile. Kreatinini na vipimo vya ini vikiwa juu siku ya kwanza, navyo vilionyesha hatari hiyo.

Na tena jambo hili: kila siku moja mgonjwa aliyochelewa nyumbani tangu dalili kuanza iliongeza uwezekano wake wa kufa kwa karibu asilimia 11. Ile namba ya damu haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa sehemu ilikuwa inahesabu siku ambazo mutu alikaa bila kwenda.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, kunatoa funzo lingine, lenye uchungu kidogo. Ebola ya mwaka 2000 na 2001 iligusa watu 425 kule. Damu zao zilihifadhiwa kwenye baridi kali. Baadaye watafiti walizipima alama 55, na mwaka 2014 wakatoa matokeo: waliokufa na waliotoka damu walikuwa na feritini nyingi, pamoja na protini nyingine inayotoka kwenye ukuta wa mishipa. Ni habari nzuri kwa sayansi. Lakini zilifika miaka zaidi ya kumi kisha mazishi. Alama ya damu isiyosomwa siku ile ile, kwa mgonjwa wa siku ile, ni historia tu.

Damu ya mzee inaweza kudanganya

Hapa naomba musome vizuri, sababu hapa ndipo familia zinaumia, kwa afya na kwa mfuko.

Kreatinini inatoka kwenye nyama ya mwili. Mzee aliyekonda, mikono kama fimbo, anatengeneza kidogo. Kwa hiyo karatasi inaweza kuandika namba nzuri kabisa wakati figo zake zimechoka. Munganga mwenye kuangalia karatasi tu, bila kuangalia mutu, atapotea.

D-dimeri inapanda yenyewe na umri. Wakitafuta damu iliyoganda, waganga wanaongeza mpaka kwa mutu wa zaidi ya miaka 50: umri mara kumi. Mzee wa 80 anakubaliwa hadi 800, wakati kijana anasimama kwenye 500. Usipojua hilo, wazee wote watakuwa wagonjwa.

CRP nayo, kwetu huku, iko na mpinzani mkubwa: malaria. Malaria peke yake inaipandisha. Nimonia ya bakteria inaipandisha, tena sana. Hata kidonda cha mguu ambacho nyanya anakifunga na kitambaa bila kuwaambia. Na limfositi za wazee wengi ziko chini hata wakiwa wazima. Ndiyo maana munganga mzuri hasomi namba moja. Anasoma namba kadhaa pamoja, na kama ana nafasi, anazirudia kesho ili aone zinapanda ao zinashuka. Namba inayopanda leo na kesho inasema zaidi kuliko namba kubwa ya siku moja.

Kuna tena wale wanaoamini VS, kipimo cha zamani cha damu inavyoshuka kwenye kijiti. Kwa wazee VS iko juu hata bila ugonjwa. Sitasema haina maana, lakini kumpa mzee antibiotiki ya siku saba sababu VS iko 40, hapo nina mashaka.

Pointi 16 kati ya 21

Sasa kitu kilichonishangaza kuliko vyote. Mwaka 2020 Waingereza walichukua wagonjwa wa korona zaidi ya 35.000 waliolazwa hospitali, wakatafuta ni mambo gani yanatabiri kifo. Kisha wakayajaribu kwa wengine zaidi ya 22.000. Wao wana labo za kila aina, wangeweza kuchagua alama za damu hata ishirini. Mwishoni walibaki na mambo 8 tu: umri, kama ni mwanaume ao mwanamke, magonjwa mengine anayoishi nayo, pumzi ngapi kwa dakika, oksijeni ya kwenye kidole, akili kama iko sawa, urea, na CRP. Wanaita hesabu hiyo 4C.

Angalia vizuri. Kati ya hayo 8, ya damu ni mawili. Hesabu nzima ni pointi 21. Damu inatoa 5. Zile 16 zinapatikana kwa macho, kwa saa ya mkononi, kwa kuuliza, na kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidole. Umri peke yake unatoa pointi 7 kwa mutu wa miaka 80 na zaidi.

Nilikaa nikamhesabu babu. Umri: hakuwa na karatasi ya kuzaliwa, kama wazee wengi wa huku, lakini wakati wa maasi ya 1964 alikuwa tayari ameoa na ana watoto wawili, kwa hiyo wakati wa ugonjwa alikuwa karibu na 80 ao amepita. Tuseme 7. Mwanaume, 1. Akili imevurugika, 2. Tayari ni 10, na pumzi hatukuhesabu, oksijeni hatukupima. Katika hesabu ya 4C, kuanzia 9 hadi 14 ni kundi la hatari kubwa. Katika wagonjwa wale wa Uingereza, karibu 3 kati ya 10 wa kundi hilo walikufa. Ilikuwa siku ya tatu, mchana, na barabara ilikuwa wazi.

Lazima niseme pia kwamba hesabu hiyo ilitengenezwa kwa wagonjwa wa korona waliolazwa huko Uingereza. Si ya malaria, si ya kipindupindu, si ya kumpima mzee mzima aliyekaa kwenye kivuli cha mwembe. Na namba za vifo haziwezi kuhamishwa hivi hivi mpaka Fizi. Uchunguzi mmoja uliofanywa mwaka 2020 kwenye hospitali 64 za nchi kumi za Afrika ulionyesha kwamba wagonjwa wa korona waliofika vyumba vya mahututi walikufa 48 kati ya 100 ndani ya siku 30, wakati kwingine duniani ilikuwa kama 31 ao 32. Kitu kinachobaki kweli kila mahali ni yale mambo yenyewe: umri, pumzi, oksijeni, akili.

Basi tufanye nini huku kwetu

Vituo vyetu vya afya vingi viko na TDR, na vingine vinaweza kuhesabu chembe nyeupe na kupima sukari. Kwa urea, kreatinini na kazi kama hiyo, mara nyingi ni lazima hospitali kuu: Nundu, Uvira ao Baraka. Kwa hiyo swali la kwanza si kipimo gani cha damu. Swali ni saa ngapi mutoke nyumbani.

Hesabu pumzi. Mzee akiwa amekaa kimya, bila kumwambia, angalia kifua ao tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima, si nusu dakika mara mbili. Ikifika 22 na zaidi, shituka. Ikipita 30, Shirika la Afya Duniani linaiweka kwenye ugonjwa mkali. Hapo usingoje asubuhi. Akili ikigeuka ghafla, kwa siku moja ao mbili, hiyo si uzee. Uzee unakuja kwa miaka. Kukataa chakula na maji, kuanguka bila sababu, kulala mchana mzima, hizo zote kwa mzee zinaweza kuwa homa iliyovaa nguo nyingine.

Kile kifaa cha kidole ni kizuri, lakini kina kasoro ambayo inatuhusu sisi wenyewe. Watafiti wa Michigan mwaka 2020 waligundua kwamba kinawapendelea watu weusi kwa namna mbaya: kilionyesha kati ya 92 na 96, wakati damu yenyewe ilikuwa chini ya 88, kwa karibu wagonjwa weusi 12 kati ya 100. Kwa weupe ilikuwa karibu 4. Kwa hiyo kikiandika 93 kwa nyanya ambaye anahema, amini pumzi zake kuliko kifaa. Futa pia hina ao rangi kwenye kucha, na mpashe vidole joto kwanza.

Mukifika hospitali na munganga akaandika vipimo vingi, una haki ya kumuuliza kwa heshima: hiki kikitoka vibaya, utabadilisha nini? Kama jibu ni atamuwekea oksijeni, atapunguza serumu, atabadilisha dawa, ao atampeleka Uvira, lipa, kama uko na uwezo. Kama hakuna kitakachobadilika, sema pesa hiyo muitunze kwa oksijeni na kwa chakula cha mgonjwa. Sikatazi vipimo. Nakataza kuuza mbuzi kwa ajili ya karatasi.

Na tafadhali, msimpe mzee dexa nyumbani. Ni kweli dexamethasone iliokoa watu: mwaka 2020 jaribio la RECOVERY lilionyesha imepunguza vifo kwa moja ya tatu kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumua, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Lakini kwa waliokuwa bila haja ya oksijeni haikusaidia kitu. Dawa hiyo inapandisha sukari na kulaza kinga. Kilichoamua nani apewe hakikuwa namba ya damu. Kilikuwa oksijeni.

Wengine wananiuliza juu ya mpox, sababu Uvira na Kivu ya Kusini yote imeiona tangu ilipoanza kusambaa kule Kamituga mwaka 2023. Hapo tuna habari ya faraja kidogo. Timu ile ile ya PALM ilijaribu dawa ya tecovirimat kule Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, kwa wagonjwa 597. Dawa haikuponya vidonda haraka kuliko kinini ya bure isiyo na dawa ndani. Lakini vifo vilikuwa 1,7 kwa 100 kwa makundi yote mawili, wakati kwa wagonjwa wa mpox wa Kongo kwa jumla vilikuwa 3,6 ao zaidi. Walilazwa, wakapewa maji, chakula, wakatibiwa malaria na vidonda vilivyooza, mutu akawaangalia kila siku.

Nyumbani kwetu siku hizi kuna daftari la shule limetundikwa kwa uzi nyuma ya mlango wa nyanya. Tuliandika mambo yake akiwa mzima, siku ya posho moja baada ya chakula: pumzi 17, joto 36,3, anajua majina ya wajukuu wote tisa, anatembea mpaka kwenye bomba bila fimbo. Mwanzoni alikasirika, akauliza kama tunangoja afe. Sasa njo yeye anayetukumbusha mwezi ukiisha.